Walii Mwenye Kadi ya Dhahabu

"Mama Sahla, hebu nieleze, huyu kasa mwenye taji unayemwanika kila Ijumaa ni wa skuli gani?"

Ndivyo Jedida alivyouliza asubuhi moja, amesimama upande wake wa ua na beseni la nguo kiunoni. Alikuwa jirani wa Nana tangu mume wa Nana yu hai, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza jambo ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari. Kwenye kamba ya Nana zilikuwa zimeanikwa taulo tatu nyeupe, nene, za kupendeza, na kila moja ilitiwa picha ya kasa wa rangi ya dhahabu, kavaa taji, anacheka. Nana akajibu kwamba ni taulo za hoteli, kapewa na shemeji yake. Jedida akasema, "Ahaa, hoteli," akaendelea kukamua nguo zake, na ile ahaa ikakaa pale uani mpaka taulo zikakauka.

Nana alikuwa hajui, na ni haki yake lisemwe hilo mapema. Alisoma hadi darasa la saba, Kiswahili anakisoma bila kukwama na msahafu anauhitimisha kila Ramadhani, lakini maandishi ya kwenye taulo yalikuwa ya Kitaliano, na huko hakufika. Siku ya pili akajifunga buibui lake akapita barabara ya pwani, kule kwenye majumba ya wageni. Hakutafuta sana. Kasa alikuwa juu ya lango, mkubwa kama kitanda, taji lake linawaka taa mchana kweupe, na chini yake pameandikwa kwa lugha tatu kwamba hii ni kasino ya Kasa wa Dhahabu. Nana akasoma ile ya Kiswahili. Akarudi nyumbani, akazitoa taulo, akazifungia sandukuni. Lile jiko la umeme la kupikia wali, lililokuwa na kasa huyo huyo kwenye kifuniko, Mola amsamehe, alilitumia wiki mbili zaidi, kwa sababu halikuwa likishika ukoko.

Shemeji yake aliitwa Badi, mdogo wa marehemu mumewe. Badi hakuwa mcheza kamari. Alisema hivyo mwenyewe, na alisema mara nyingi kuliko alivyoulizwa. Mcheza kamari, alieleza, ni yule mjinga anayetoka kwake na pesa mfukoni akaenda kuziacha ndani kule. Yeye hatoki na kitu. Yeye hutumia kuponi. Kila Jumanne kasino iliwagawia watu waliotimiza miaka hamsini karatasi ya kijani: sahani ya biriani, soda mbili, na michezo ya bure kwenye mashine. Michezo ile haigeuzwi pesa, lazima ichezwe. Basi Badi aliicheza kwa kitufe cha chini kabisa, mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu anayechagua mawe kwenye mchele, na kila alipobonyeza, kadi yake ikapata pointi. Pointi zikifika mahali, unapewa taulo. Zikizidi, mwavuli. Zikizidi tena, jiko.

Alikwenda kwa miguu kutoka mtaa wake wa Barani ili asipoteze nauli. Akifika langoni alivua kofia, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, kwa heshima ya dini. Akitoka aliivaa tena, kwa heshima hiyo hiyo. Mfuko wa pili wa shati ulirudi na vipakiti vya sukari, vijiti vya meno na ndimu zilizokatwa nusu, maana cha bure hakiachwi mezani.

"Shemeji," alimwambia Nana siku alipobanwa, "wao ndio wanaoliwa. Mwaka wa tatu huu nawala, na hawana habari."

Huenda ni kweli hawakuwa na habari. Watu wenye jumba la taa elfu moja na mabawabu wanne mlangoni huenda hawajatambua kwamba kuna mzee mmoja wa Barani anawafilisi kwa ndimu.

Nana hakubishana naye. Yeye alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama akaona baiskeli ya Badi ilikwenda kwa fundi mwaka juzi na fundi bado anaitengeneza. Akaona redio imeazimwa na rafiki asiye na jina. Akaiona na ile kadi, ambayo ilianza ikiwa buluu, ikawa ya fedha, kisha ikawa ya dhahabu, akauliza vipi kadi hupanda rangi kwa kuponi peke yake. Badi akakohoa. Akasema kuna wakati, si kila wakati, mtu inambidi aitilie chake kidogo ili isishuke. Kidogo tu. Cha kuishikilia.

Hayo yote yangebaki kati ya Badi na Mola wake, lau si Sahla.

Sahla ndiye mtoto pekee wa Nana, na mwaka huo alipata mchumba: Zaid, fundi wa umeme, kijana wa Mambrui, mpole, anayeshusha macho akisalimia. Sahla alimtaka. Hakusema, lakini chai yake siku hizo ilikuwa ikipoa kikombeni anatazama ukuta, na mama hahitaji kuambiwa zaidi. Sasa, baba yake Sahla amekufa, babu yake amekufa, kaka hana. Nana alimzaa, akamlea kwa kushona mito ya watu, akamkeshea alipougua surua, lakini neno la kumwozesha mbele ya mashahidi halikuwa lake kulitamka. Lilikuwa la ami yake. Walii wa Sahla, kwa sheria na kwa damu, alikuwa Badi, yeye na kadi yake.

Nana akaenda kwa Maalim Kahaso wa msikiti wa mtaani, akakaa nje ya mlango, akauliza kuhusu mtu mmoja, wa mbali, wa upande wa Magarini huko, mwenye tabia ya kwenda kasino, naye ni walii wa binti. Maalim akamjibu kwamba wako mashekhe wasemao mtu ajulikanaye kwa kamari ni fasiki, na ndoa anayoisimamia ina walakini. Kisha akasema, "Na huyo mtu wa Magarini, Badi anasemaje mwenyewe?"

Walakini huo ndio uliomkosesha Nana usingizi, pamoja na jambo la pili: jina la Mzee Ridhwan, baba yake Zaid. Mambrui nzima ilimjua Mzee Ridhwan kwa ucha Mungu. Aliwahi kuivunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu kaka wa msichana alionekana akiuza muguka, yale majani ya kutafuna. Hakuuza mbele yake, mzee alisikia tu. Mtu kama huyo akijua kwamba walii ana kadi ya dhahabu, posa isingefika hata kwenye kahawa.

Basi Nana akamwita Badi, akamwambia mambo mawili tu. Airudishe ile kadi, na atubu. Badi akaapa kwa kaburi la nduguye kwamba ataipeleka wiki ile ile. Wiki ile ile akaja akasema ameipeleka. Nana akamtazama, akaona jinsi alivyoapa haraka na jinsi macho yake yalivyokwenda kwenye paa, akaamua kumwamini, kwa sababu hakuwa na walii mwengine wa kumwamini.

Posa ikapangwa Jumapili baada ya alasiri, siku ya mwisho ya mwezi. Jumamosi Nana akaipekua nyumba kama askari. Akatoa vikombe sita vya kasa, trei ya kasa, mwavuli, hata saa ya ukutani, akavisukumia chini ya kitanda. Nyumba ikabaki kama imeibiwa. Ikambidi aende kwa Jedida kuazima vyombo. Jedida akampa vikombe vya maua na sahani, akamwonyesha chupa yake ya kahawa iliyopasuka, akasema, "Yako je? Ile ya mnyama?" Nana akasema imevunjika. Jedida akasema ahaa.

Badi aliposikia hakuna chupa, akasema kahawa wamwachie yeye.

Wageni wakaja kwa wakati wao. Mzee Ridhwan mbele, kanzu inang'aa, ndevu zimechanwa, tasbihi mkononi. Zaid nyuma yake, maana siku hizi muoaji naye huja. Maalim Kahaso alikwisha keti. Bi Mahira, mkewe Mzee Ridhwan, akapita upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akakaa na Nana kwenye mkeka. Sahla alikuwa chumba cha ndani, amekatazwa kuchungulia, anachungulia.

Mzee Ridhwan akaanza kusema. Alisema muda mrefu. Alisema mtu haoi mke tu, anaoa nyumba, na nyumba ni chakula chake, na chakula ni chumo lake. Alisema yeye hamuozi mwanawe penye riba, wala penye muguka, wala penye upuuzi. Alisema dunia imeharibika, na zaidi imeharibika hapa Malindi, na yeye mwenyewe, pamoja na uzee na magoti, kila Jumanne hutoka Mambrui akaja Malindi kusikiliza darsa, kwa sababu mtu haachi kutafuta elimu. Nyuma ya pazia Bi Mahira akaitikia kwa kichwa na kumnong'oneza Nana kwamba ni kweli, Jumanne haikosi, hata ikinyesha. Tena hurudi ameshiba, huko kwenye darsa wanalisha watu vizuri sana.

Nana akasema mashallah. Kisha akalifikiria lile neno, kushiba, na Jumanne, akalisukuma mbali, akamwomba Mola radhi kwa dhana mbaya.

Hapo Badi akaingia na kahawa. Aliibeba chupa kubwa aliyoizungushia kikoi kama mtoto mchanga. Akapiga goti kwa adabu mbele ya wageni, akainamisha chupa mara ya kwanza, mara ya pili, na kwenye kikombe cha Mzee Ridhwan kikoi kikateleza. Kasa akachomoza, kichwa kwanza, kisha taji, anacheka.

Kupitia tundu la pazia Nana aliona yote. Akaona mkono wa Badi ukiganda. Akamwona Maalim Kahaso akitazama dari. Akamwona Mzee Ridhwan akiinama, anaikazia macho ile chupa, uso umebadilika, na Nana akajua kwamba sasa ndiyo sasa, mzee atanyanyuka, na Sahla atakaa na chai baridi mpaka uzee.

Mzee Ridhwan akasema, "Hii uliipata vipi? Mimi Everlyne aliniambia zimekwisha."

 Halafu, kutoka nyuma ya pazia, Bi Mahira akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Everlyne ndiye nani?"

Mzee Ridhwan akainamia kikombe chake.

"Baba Zaid. Nimeuliza, Everlyne ndiye nani?"

Tasbihi ya Mzee Ridhwan ikasimama. Mtu asiwe na haraka ya kumcheka. Alikuwa na majibu mawili tu, la kwanza litamtia kwenye kamari na la pili litamtia kwenye uzinzi, na alipewa muda wa pumzi moja kuchagua.

"Ni msichana wa kaunta," akasema.

"Kaunta ya darsa?"

"Pale... wanapogawa zawadi."

Bi Mahira akashusha kikombe cha maua cha Jedida kwenye kisahani chake, taratibu, kama mtu anayeogopa atakivunja. Zaid alikuwa ameinamia mkeka. Na Badi, haya yakitendeka, Badi uso ulimchanua kama aliyekutana na ndugu yake Makka. Akamuuliza mzee, kwa upole, anakaa mashine za upande gani, maana hajawahi kumwona. Mzee akajibu, hata yeye bila kutaka, upande wa nyuma, karibu na kipoza hewa, hapapiti watu. Wakaambizana kwamba biriani imepungua nyama tangu Idi.

Kisha Mzee Ridhwan akakumbuka alipo. Akajikohoza. Akasema, kwa kweli, nyumba hii ameipenda, walii amemwona ni mtu wa makamo na mwenye busara, na haoni sababu ya kurefusha. Isomwe Fatiha, watu wamalize, watoto waoane. Badi akanyanyua mikono papo hapo. Kamwe posa haikuwahi kuwa nyepesi hivyo Mambrui wala Malindi.

Nana aliona jinsi ilivyo nyepesi. Angekaa kimya pale mkekani kwa muda wa Fatiha moja, Sahla angekuwa na mchumba wake. Mzee Ridhwan asingeweza tena kumnyooshea mtu kidole, Badi angekuwa mkwe wa heshima, na wazee hao wawili wangekwenda Jumanne pamoja, wakigawana ndimu. Lakini ndoa ingesimamishwa na mkono ule ule unaobonyeza kitufe, na Nana angekuwa anajua. Alikumbuka mwenyewe ule wali wa wiki mbili usioshika ukoko. Alikwisha kula pale alipokuwa anajua. Hakutaka na mwanawe aanze hivyo.

Akajitanda mtandio vizuri, akachukua sinia ya halua, akatoka nje ya pazia. Mwanamke hatoki kwenye posa. Alitoka. Akaiweka sinia katikati ya wanaume, kisu kikiwa juu yake.

"Maalim, utanisamehe," akasema. "Kabla ya Fatiha, kadi zikae hapa."

Mzee Ridhwan akaanza kusema kwamba mambo ya wanaume, kwamba si mahali pake. Pazia likatikisika.  Akaingiza mkono kifuani mwa kanzu, akaitoa kadi, akaiweka kando ya halua.

"Ya fedha," akasema Badi, kwa huruma. Hakuweza kujizuia.

Mkono wa Bi Mahira, wenye hina mpya ya posa ya mwanawe, ukatoka pembeni ya pazia, ukaichukua kadi na kisu. Wakasikia inakatwa, si mara moja. Mzee Ridhwan akahesabu mikato kwa tasbihi, au alionekana kama anahesabu.

Nana akamgeukia shemeji yake. Hakumkumbusha kaburi. Alimngoja tu.

Badi akaitoa ya dhahabu. Ilikuwa kwenye kimfuko chake cha plastiki, imetunzwa kuliko kitambulisho. Akaiweka kwenye sinia, ikakaa pale inang'aa kwenye mafuta ya halua, na kidole chake kimoja kikabaki juu yake.

"Mama Sahla," akasema, "nisikilize. Leo mwisho wa mwezi. Pointi za dhahabu zinakufa leo magharibi, zote, za mwaka mzima. Zimebaki chache mno nifike kwenye friji. Friji, shemeji, ya milango miwili. Nilitaka kumpa Sahla siku ya harusi. Kwa ajili yake, wallahi. Nikimaliza hiyo, nairudisha."

Zaid, ambaye hakuwa amesema neno tangu aamkue, akanyanyua kichwa. "Ami Badi," akasema, "mimi friji nitanunua. Nimekuja kumposa Sahla. Na nataka uniozeshe wewe."

Lilikuwa neno zuri, na Nana alimpendea hapo. Akaona kwamba hata Badi limemgusa. Kwa kitambo kidogo Nana alifikiri kidole kitaondoka.

"Kaka yako alipokuwa anakufa," akasema Nana, "alikushika mkono, mimi nilikuwepo. Hakukwambia umpe mwanawe friji. Sahla atakula kiporo cha jana kimechacha, na hakitamdhuru. Lakini nataka aozwe na ami yake, na mkono mtupu. Hutaki, kesho asubuhi Maalim ananiandikia barua kwa Kadhi, yeye atasimama mahali pako. Na wewe utakuja kula pilau kama jirani."

Maalim Kahaso akasema taratibu kwamba Kadhi yupo kesho, na jambo hilo linajuzu.

Badi akatazama ukutani, pale ambapo hadi jana palikuwa na saa ya kasa. Palikuwa na msumari tu. Akageuka akatazama mlango, na kivuli cha mlango kilichokwisha fika mpaka kwenye miguu ya Mzee Ridhwan. Watu wote wa sebuleni wakakitazama nao. Kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti ya Sahla, ndogo, inasema, "Ami."

Badi akaichukua kadi kutoka kwenye sinia. Akaifuta mafuta ya halua kwa mkono wa kanzu yake, upande huu, kisha upande wa pili. Akasimama, akavua kofia, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akatoka, akaelekea barabara ya pwani.